Sinia Lililorudi Tupu

Zalifa hakubisha hodi. Aliingia moja kwa moja mpaka chumba cha mbele, viatu mkononi, ushungi umemteleza mpaka mabegani, akamkuta Nadjati amesimama juu ya kigoda akitundika pazia.

"Shuka," alisema.

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza, mwenzangu. Sitaki uanguke halafu iwe mimi ndiye niliyekuua."

Nadjati akashuka. Pazia likabaki limening'inia upande mmoja, jua la mchana wa Ijumaa likapenya na kumulika ukuta uliopakwa rangi wiki iliyopita.

"Mzani umemkataa," Zalifa akasema. "Msaidié wako. Amezidi uzito."

Nadjati alimtazama binamu yake kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ni mzaha. Zalifa alikuwa mtu wa mizaha. Lakini safari hii midomo yake haikucheka.

"Amezidi sana?"

"Kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachouma. Wamempa muda akajikamue jasho. Amekimbia ufukweni na koti la plastiki mwilini, jua lote hili, watu wanampigia makofi wakidhani ni maonyesho. Amerudi, kapanda tena, mzani bado unasema hapana."

"Kwa hiyo kesho hapigani?"

"Anapigana. Tiketi zimeuzwa, nani atamwachia? Ila hapiganii mkanda. Kaka yako akishinda, mkanda ni wake. Kaka yako akipigwa, mkanda bado ni wake."

Nadjati akaketi juu ya kigoda kile kile. Nyumba ile ilikuwa yake. Mama yake, Bi Kouraichia, alimjengea uani kwake, mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, ukuta kwa ukuta na nyumba kubwa, kama wanavyofanya watu wenye asili ya Ngazija: binti hujengewa nyumba, na mume ndiye anayekuja na sanduku lake la nguo akaishi kwa mkewe. Milango ilikuwa imekwisha. Madirisha yalikuwa yamekwisha. Zalifa alizoea kusema kwamba kilichobaki kununuliwa ni mume tu.

Na mume mwenyewe, Msaidié, alikuwa na sharti lake.

Sharti hilo alilitamka mwaka jana kule Nosy Be, kwenye ufuo wa Ambondrona, ambako alikuwa fundi wa mashine za boti za hoteli. Ilikuwa juma moja baada ya pambano lake la kwanza, la ngumi na mieleka, na Attoumane, kaka yake Nadjati. Lilipiganwa huko huko Nosy Be, mbele ya watu wake, na waamuzi wakampa Attoumane ushindi. Nadjati alikuwa amekwenda kisiwani kumtazama mwalimu mwenzake mgonjwa, au ndivyo alivyomwambia mama yake. Alimkuta Msaidié amepiga magoti mbele ya mashine iliyofunguliwa, mikono imejaa grisi, jicho moja bado limevimba. Aliponyanyua uso na kumwona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu upande wa pili ulikuwa na nyuzi. Nadjati alitaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Akaishia kutazama mchanga.

"Nitakuja kukuposa," Msaidié alimwambia siku ile. "Lakini si sasa. Nikiingia ua ule sasa, nitaingia kama mtu aliyepigwa na kaka yako. Asubuhi tutanawa uso kwenye bomba moja, mimi na yeye. Nitamtazama vipi? Watoto wa jirani watanitazama vipi? Ngoja marudiano. Nikimshinda, nakuja na mkanda kiunoni, na ngumi nazitundika ukutani. Naapa."

Nadjati akamsubiri. Mama naye alikuwa akisema mpiganaji mmoja anatosha kwa ua mmoja, na kwamba Nosy Be hawana ndugu wa kuwauliza tabia za kijana. Nadjati alisubiri pande zote mbili, kimya, kama alivyozoea, akifundisha watoto wadogo shuleni mtaa wa Antanimasaja mchana na kushona foronya jioni.

Hatimaye, jana jioni, mama akalainika. Bila kumwambia mtu alipika wali wa nazi, nyama ya mchuzi mzito, samaki wa kukaanga, majani ya muhogo yaliyopondwa, na mkate wa sinia, akapakua vyote kwenye sinia kubwa, akafunika kwa kawa jipya, akawatwisha wanawake wawili sinia hilo mpaka Antanimasaja, kwenye nyumba waliyofikia watu wa Nosy Be. Mtaa mzima ulitoka vibarazani kutazama. Sinia likitoka kwa mama wa binti kwenda kwa kijana, maana yake kijana amekubaliwa. Likirudi tupu, naye amekubali. Likirudi na chakula, amemkataa binti mbele ya mji.

Lilirudi tupu. Tupu kabisa, limekombwa kwa kidole. Zalifa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na Nadjati alijifungia chumbani akalia kwa furaha, uso ndani ya foronya zake.

Sasa, mbele ya pazia lililoning'inia, akaelewa.

"Ni sinia," alisema polepole.

"Ni sinia, ndiyo," Zalifa akajibu. "Mji wote unajua. Wewe ndiye wa mwisho."

*

Mwanamke anayeposwa haendi peke yake kuonana na mchumba, kwa hiyo Zalifa alikwenda naye mpaka Antanimasaja. Akaketi kwenye kizingiti cha ua, mgongo kwao, simu mkononi, masikio kwao.

Msaidié alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimeegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, na alikuwa akinywa maji yenye chumvi na sukari kwa mafunda madogo, kama mgonjwa. Macho yalikuwa yamezama. Hata hivyo alipomwona Nadjati yalimulika mara moja, kisha yakazimika, na kule kuzimika ndiko kulikomuumiza Nadjati kuliko yote.

"Keti," alisema.

"Sikuja kukaa." Nadjati alishangaa kusikia sauti yake ilivyokuwa kali. "Kwa nini ulikula?"

"Swali gani hilo?"

"Ungeonja tonge moja."

"Wanawake wa mama yako walikaa pale, pale ulipo wewe, wakinifuata mkono kutoka kwenye sinia mpaka mdomoni. Ningeonja tonge moja, sinia lingerudi Mahabibo limejaa, na kabla ya Isha ungekuwa umekwisha kukataliwa. Wewe ungetembea vipi barabarani?"

"Wenzako wangekusaidia."

"Sinia la mchumba huliwa na mchumba. Hata mjomba wangu Mroivili, mzee mwenye meno mazima na njaa ya safari, alikaa akimeza mate tu."

"Nilimeza mate, wallahi!" sauti ya mzee ikatoka dirishani. "Samaki yule alikuwa ananiita kwa jina!"

Zalifa akacheka, kisha akajikoholesha.

"Ungenipigia simu," Nadjati akasema kwa sauti ya chini. "Ningewaeleza."

"Ungewaeleza nini? Kwamba mwanamume amerudisha wali wa mama mkwe kwa ajili ya mzani? Nadjati, nilikuwa sijala siku nzima. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu kufika. Sinia lilipoingia nilisikia harufu ya nazi, na nilijua. Nilijua kila tonge ninaloweka mdomoni linaondoka kwenye mkanda. Nikala. Nikamaliza. Nikakomba. Sasa unakuja kuniuliza kwa nini nilikula!"

Wakatazamana. Nadjati alitamani kuushika uso ule kwa mikono yake miwili na kuulaza begani kwake. Hakuweza. Aliikunja mikono ndani ya ushungi.

"Kuna jambo moja nataka kukuuliza," Msaidié akasema, "na usikasirike."

"Uliza."

"Mama yako alinikataa muda wote huu. Akaja kunikubali jioni ya kuamkia mzani. Mwanawe ni bingwa. Anajua mzani ni siku gani."

Kizingitini Zalifa akaishusha simu.

"Unasema nini?"

"Nauliza tu. Nazi juu ya nazi. Na chumvi ile! Chumvi inashika maji mwilini, hata ukimbie mpaka Antananarivo hayatoki. Mtu anayetaka kumwekea mtu mguu hawezi kupika vizuri zaidi ya vile."

"Usimtaje mama yangu."

"Sijamtukana."

"Umemtukana, na chakula chake bado kiko tumboni mwako." Machozi yalimjia, akayazuia kwa hasira. "Nilisubiri yeye akukubali. Nilisubiri wewe ujikubali. Siku moja tu vyote vimekutana, na sasa mnanifanya nichague nani ni mwongo!"

Akageuka. Zalifa alinyanyuka akikung'uta makalio, akamwambia Msaidié kwa upole usio wa kawaida yake, "Kunywa maji yako, kaka. Ulimi wako umekauka, unakwaruza watu."

*

Bi Kouraichia alikuwa jikoni akipara samaki. Attoumane, bingwa wa nchi nzima kwa uzito wake, alikuwa ameketi mezani na sahani ya wali iliyorundikwa kama kichuguu. Alikuwa kijana mwembamba, mrefu, asiyenenepa hata angelala ndani ya pipa la samli. Mwalimu wake wa mazoezi kila siku alimsihi ale.

"Mama," Nadjati akasema mlangoni. "Ulijua leo ni siku ya mzani?"

"Nilijua. Ndiyo maana nikapeleka jana."

Nadjati akaingia ndani hatua moja.

"Ndiyo maana?"

"Ningempeleka mkwe wangu kwenye mzani na njaa?" Mama akaweka kisu chini, akamtazama binti yake kwa mshangao wa kweli. "Watu waseme nini? Kwamba kaka yake amepanda mzani ameshiba, na mchumba amepanda mbavu zinahesabika? Nilijua kule alipofikia ni wanaume watupu, nani atampikia? Nikasema ale, apande, awe mzito, waogope."

"Mama, mzani hautaki mtu mzito!"

"Unataka nini basi?"

"Unataka asizidi!"

Bi Kouraichia alimtazama mwanawe, aliyekuwa amesimamisha mkono hewani na tonge ndani yake.

"Lakini huyu," mama akasema, akimwelekezea kidole chenye magamba ya samaki, "tangu aanze uhuni huu wake, kila siku ya mzani anakula sahani tatu. Nampikia mimi mwenyewe. Nikajua ni kama mbuzi wa Idi. Anayezidi ndiye bora."

Attoumane alicheka mpaka wali ukampalia. Alikohoa, akagonga meza, machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha ghafla, akajifuta uso.

"Sasa nimekuwa bingwa wa kusaidiwa na mama," alisema. "Vijana wa Nosy Be wataniimba mpaka nizeeke." Akamgeukia dada yake. "Mwambie shemeji kesho nitampiga kisawasawa, ili asiseme nilimhurumia."

"Shemeji?"

"Alikula sinia au hakula?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kibao cha kukunia nazi, mikono yake yenye magamba imelala mapajani. "Nimemharibia mtoto wa watu," alikuwa akisema. "Ya Rabi, nimemharibia. Na mimi nilitaka kabla hawajapigana wawe wamekula chungu kimoja."

Nadjati alimkumbatia mama yake pamoja na shombo la samaki na kila kitu, kisha akatoka uani na kumpigia Msaidié. Alimweleza. Halafu akasikia kicheko, kile cha kweli, kinachoanzia tumboni.

"Mbuzi wa Idi?"

"Mbuzi wa Idi."

"Niombee radhi kwake. Hapana, nitaomba mwenyewe, nitapiga magoti." Akacheka tena, na Nadjati akacheka naye, paji la uso limeegemea ukuta wa nyumba yake, rangi bado inanukia. Mambo yamekwisha, aliwaza. Mama amemkubali, kaka amemkubali. Imebaki nini?

"Basi," Msaidié akasema, sauti imetulia, "itabidi iwe mara ya tatu."

"Mara ya tatu ya nini?"

"Tutazungumza kesho, mpenzi. Nalala. Sina nguvu."

*

Ukumbi ulijaa mapema. Usiku ule wa mapambano ulitangazwa kwa miezi, mikanda miwili na marudiano mawili, na watu walikuja kutoka Antsohihy, kutoka Ambanja, kutoka Nosy Be kwa boti na basi. Mama alikataa kuingia. Hajawahi kumtazama mwanawe akipigwa, na sasa walikuwa wanawe wawili. Alikaa nje karibu na wauza mishikaki, tasbihi mkononi, akisema atangoja hapo hapo.

Marudiano ya kwanza yalikuwa ya watu wazito, mmoja wa Antsiranana na mmoja wa Toamasina. Yalikwisha kabla wachelewaji hawajapata viti. Mtangazaji akapiga kelele, "Mbola tsara, Mahajanga!" na ukumbi ukamrudishia salamu kwa kishindo. Akaendelea kwa Kifaransa kuwaeleza wageni wa mbele kilichokuwa kinajulikana na kila mtu wa nyuma: kwamba mkanda ni wa Attoumane leo, liwalo na liwe.

Msaidié alipoingia kizimbani, vijana wa Mahabibo waliinua sinia. Sinia la kweli, la bati, wakaligonga kwa vijiko.

"Umeshiba, fundi?"

"Mwongezeeni nyama!"

"Mama mkwe anauliza kama chumvi ilitosha!"

Watu wa Nosy Be wakajibu kwa matusi ya upande wao, na Zalifa, ambaye hakujua ashangilie upande gani, akashangilia pande zote. Nadjati hakushangilia. Alimwona Msaidié akiinua macho kutafuta kule juu walikoketi wanawake. Alimtafuta mstari kwa mstari. Alipompata, akaweka ngumi moja kifuani, akaibakiza hapo kidogo. Nadjati alishusha macho, na uso ukamwaka moto mpaka masikioni.

Kengele ikalia.

Attoumane alitimiza ahadi yake. Alipiga kisawasawa. Mikono yake mirefu ilifika kabla ya mwenzake hajaiona, na raundi ya kwanza Msaidié alirudi kwenye kigoda chake na damu puani. Kila ngumi iliyotua Nadjati aliisikia mara mbili: mara moja kwa aliyepigwa, mara moja kwa aliyepiga. Raundi ya pili hakuitazama, alimtazama Zalifa akiitazama. Ya tatu alisikia ukumbi umebadilika sauti, akanyanyua kichwa. Msaidié alikuwa amemshika Attoumane kiunoni, amembana kwenye waya, anambeba, anamwangusha. Wakagaagaa kwenye mkeka kama watoto wanaogombea embe. Halafu Msaidié alikuwa mgongoni, mkono umepita chini ya kidevu, kabali imeingia.

"Attoumane!" Nadjati akapiga kelele, bila kujua kama alimtaka astahimili au aache.

Attoumane aligonga mkeka.

Upande wa Nosy Be ukalipuka. Msaidié alimwachia, akamgeuza, akamshika kichwa kwa mikono miwili akimwambia kitu, na Attoumane, bado anakohoa, akamjibu, wakacheka wote wawili puani. Mwamuzi akainua mkono wa Msaidié. Baadaye mtu wa shirikisho akaja na mkanda, akaufunga kiunoni kwa aliyeshindwa, huku watu wakizomea, na Attoumane akasimama nao akitazama dari kama mtu aliyevalishwa gauni.

Nadjati alikuwa amekwisha kusimama. Ameshinda, moyo ulimwambia. Amemshinda mbele ya mji mzima. Sasa anaweza kunawa uso kwenye bomba lolote.

Msaidié alichukua kipaza sauti. Alishukuru Mungu. Alimshukuru mama yake. Alimshukuru Bi Kouraichia kwa chakula, na ukumbi ukacheka mpaka paa likalia. Kisha akageuka upande wa waandaaji, kidole kimeelekea kiunoni mwa Attoumane.

"Ule ni wangu," alisema. "Nipeni mara ya tatu. Mwakani, hapa hapa. Siondoki kwenye mchezo huu mpaka nivae ule."

*

Nadjati alimkuta Msaidié kwenye ujia wa nyuma, amekaa juu ya kreti la soda, mtu anamkata plasta mikononi. Zalifa aliwaondoa watu kwa njia anayoijua mwenyewe, akasimama mwanzo wa ujia kama askari. Wakabaki wawili.

"Umeona?" Msaidié akasema. Uso wake uliopondwa uling'aa kama wa mtoto. "Nadjati, umeona?"

"Nimeona." Alitaka kumgusa jeraha juu ya jicho. "Nilijivunia. Nilidhani nitakufa kwa kujivunia. Halafu ukashika kipaza sauti."

"Ilibidi niseme pale pale, wakiwa bado moto. Kesho wangesahau."

"Uliniapia ngumi utazitundika."

"Nikipata mkanda."

"Uliniambia huwezi kuingia ua wetu kama mtu aliyepigwa na kaka yangu. Hayo ndiyo maneno yako, Ambondrona, mikono yako ina grisi, nayakumbuka yote. Sasa umempiga. Amegonga mkeka, watu wote wameona. Mama amekupikia. Kaka anakuita shemeji. Mjomba wako yuko mjini, wazee wako wote wako mjini, wangeweza kuja kesho asubuhi, Msaidié. Kesho. Kimebaki nini?"

Msaidié akaitazama mikono yake, iliyobaki na gundi ya plasta na nywele zilizonyonyoka.

"Kimebaki nini?" Nadjati akauliza tena.

"Mkanda," akasema.

Alilisema kwa unyenyekevu kabisa, kama mtu anayekiri kwamba ana ugonjwa. Nadjati alitamani angelisema kwa kiburi. Kiburi angekijibu.

"Mwaka mmoja tu," Msaidié akaharakisha, akasimama, akamshika ncha ya ushungi kwa vidole viwili kwa sababu mkono hakuthubutu. "Utaruka kama upepo. Nitakuja kila mwezi. Nitakuletea vanila, nitakuletea kila kitu. Wewe nyumba unayo, hakuna anayekutoa. Elewa, nilikuwa nao mkononi. Ulikuwa wangu, ukaniponyoka kwa sababu ya tonge chache. Nitalala vipi?"

"Ungelala kwangu," Nadjati akasema.

Akaona haya papo hapo, haya iliyompanda mpaka kwenye nywele, kwa kuwa hajawahi kumwambia mwanamume neno kama lile. Lakini hakulirudisha. Msaidié alimtazama kama mtu aliyepigwa ngumi asiyoiona ikija. Kwa dakika ile ndogo Nadjati aliamini kwamba amemfikia.

"Msaidié!" Mwandaaji alikuwa amechungulia, mpiga picha nyuma yake. "Njoo haraka. Picha ya bango la mwakani. Wewe na Attoumane, ngumi juu, mkanda katikati. Waandishi wanaondoka."

Nyuma ya mwandaaji alionekana Attoumane, mkanda begani, jicho limefumba. Alimwona dada yake, akaona uso wake, akaelewa jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

"Mimi sipigi picha," alisema. "Shemeji, achana nao. Twende nyumbani, mama yuko nje."

"Ni picha moja tu, bingwa," mwandaaji akasema.

Msaidié alimtazama Attoumane, akamtazama mpiga picha, akamtazama Nadjati. Ncha ya ushungi ilikuwa bado kati ya vidole vyake. Akaiachia polepole, kwa upole, kama anayeweka chini kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nipe dakika moja," alimwambia. "Dakika moja tu, mpenzi. Usiondoke hapo."

Akaenda. Attoumane alikataa kuingia kwenye picha, kwa hiyo wakamsimamisha peke yake mbele ya kitambaa chenye majina ya wafadhili, na mtu akamkabidhi mkanda aushike tu, kwa ajili ya picha. Aliushika kwa mikono miwili. Aliushika vizuri sana. Taa ya kamera ikawaka.

Nadjati hakuona ya pili. Alipita kwa Zalifa bila kusema kitu, akashuka ngazi, akatoka nje kwenye moshi wa mishikaki na kelele za watu wanaotafuta bajaji. Mama yake alinyanyuka kwenye benchi, tasbihi imekwama kidoleni.

"Wazima?"

"Wazima, Mama. Wote wawili."

"Alhamdulillahi. Nani ameshinda?"

"Msaidié."

Uso wa Bi Kouraichia ukafunguka wote. Alimshika binti yake mabega, akatazama nyuma yake mlangoni, akijinyoosha juu ya vichwa vya watu. "Yuko wapi sasa? Nimlaki. Nimwombe radhi."

"Anapigwa picha."

"Basi tumngoje." Mama akasogea upande mmoja wa benchi, akaifuta nafasi iliyobaki kwa pindo la kanga. "Keti. Tumngoje mkwe."

Nadjati alitazama ile nafasi iliyofutwa. Miguu ilimuuma. Mlangoni watu wa Nosy Be walikuwa wanatoka wakiimba jina la Msaidié.

"Hapana, Mama," alisema, akamshika mkono. "Mimi nimengoja. Twende nyumbani."